KUCHAGUA MOTOKAA ILIYOTUMIKA ISIYOLA PETROLI NYINGI

Katika bonde la Lambwe wako walimu, wakulima na wachuuzi wa samaki ambao huweka akiba miaka kadhaa, na wengine huuza ng'ombe, ili wapate motokaa iliyotumika. Fedha hizo zikipotea hazirudi upesi. Kwa hiyo yampasa mnunuzi kufanya hesabu kabla hajavutiwa na rangi.

Hesabu ya kwanza ni ya petroli. Mtu asafiriye kilometa 1,500 kwa mwezi, gari lake likienda kilometa 10 kwa lita moja, atanunua lita 150. Likienda kilometa 15, lita 100 tu. Tofauti hiyo ni lita 600 kwa mwaka, na bei hubadilika kila mwezi EPRA itangazapo.

Tarakimu za kiwandani zisiaminiwe mno, maana zilipimwa katika karakana, si njiani. Muuzaji akikubali, tangi lijazwe kabisa, gari liendeshwe hata Homa Bay na kurudi, kisha lijazwe tena. Kilometa zilizokwendwa zigawanywe kwa lita zilizoingia mara ya pili. Muuzaji akataaye jambo hili bila shaka ana sababu yake.

Lakini udogo wa injini peke yake hautoshi. Toyota Vitz ya sisi 1,000 hula kidogo, ila tumbo lake li karibu na ardhi, na udongo mweusi wa Lambwe hunasa magurudumu mvua inyeshapo. Akaaye kando ya lami iendayo Mbita ataifurahia. Akaaye ndani, upande wa Mbuga ya Ruma, huenda akafaidiwa zaidi na Toyota Probox ya sisi 1,300 au 1,500, ambayo hubeba magunia, na mafundi wengi waijua.

Fundi na awe wa mnunuzi, si wa muuzaji. Atazame moshi: ukiwa mweusi, petroli yapotea bure, ukiwa wa buluu, oili inaungua. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Saa ya kilometa huweza kurudishwa nyuma, bali pedali zilizolika hazifichiki.

Kisha hati. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi atafute kumbukumbu za gari katika NTSA, kwa njia ya eCitizen, ajue mwenyewe ni nani na kama benki inalidai. Uhamisho huanzishwa na muuzaji kwa akaunti yake, na mnunuzi huukubali kwa yake. Karatasi iliyotiwa sahihi hotelini haibadilishi jina katika logibuku.