Afya ya Mama: Kurudi Kazini Hatua kwa Hatua Baada ya Kujifungua kwa Upasuaji

Huko Macalder, kaunti ndogo ya Nyatike, kazi za mama haziishi. Kuna maji ya kuteka, kuni za kutafuta, shamba la kulima na, kwa wengi, mawe ya dhahabu ya kuponda. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hupata ushauri wa aina mbili: wengine humtaka alale tu, wengine humtaka ajitwike mtungi baada ya wiki mbili. Ushauri wote huo unaweza kumdhuru.

Upasuaji hupita kwenye ngozi na tabaka zilizo chini yake hadi mfuko wa uzazi. Mshono wa nje hukauka mapema ilhali wa ndani bado unaunga. Ndiyo maana mama hujiona mzima kabla hajapona.

Siku za kwanza

Mhudumu akiruhusu, mama husaidiwa kuketi na kusimama ndani ya saa 24. Kulala muda mrefu bila kusogea huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Akiwa kitandani, azungushe vifundo vya miguu na kuvuta pumzi ndefu. Anapokohoa, ashikilie mto au leso iliyokunjwa juu ya mshono. Anapoamka, ageukie ubavu, ashushe miguu, kisha ajiinue kwa mikono.

Hadi wiki ya sita

Atembee polepole uani dakika 5 hadi 10, akiongeza kadiri anavyopata nguvu. Maumivu yakizidi, apunguze. Asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake: mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, ilhali watoto wengi huzaliwa na kilo 3 hivi. Mpira wa mkojo ukishatolewa, aanze kukaza misuli inayozuia mkojo, ahesabu hadi tano, alegeze, arudie mara kumi.

Baada ya wiki ya sita

Mtoto anapopelekwa kliniki kwa chanjo ya wiki ya sita, mama naye akaguliwe mshono. Akiruhusiwa, arejelee kazi nyepesi. Kuponda mawe, kulima na kukimbia kusubiri hadi karibu wiki ya 12, tena kwa kuanza kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani hupendekeza dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani dakika 30 kwa siku tano. Mazoezi ya kiasi hicho hayapunguzi maziwa. Lakini moshi wa zebaki inayochomwa kwenye dhahabu ni sumu kwa mama na mtoto. Wakae mbali nao.

Dalili za hatari

Mama apelekwe hospitalini mara moja akiona:

- Damu nyingi ukeni
- Mshono unaotoa usaha, uliovimba au kufunguka
- Homa au majimaji yenye harufu mbaya ukeni
- Mguu mmoja kuuma na kuvimba
- Kifua kuuma au kupumua kwa shida
- Kichwa kuuma sana au macho kutoona vizuri

Asisubiri tarehe ya kliniki.

Kazi ya familia

Mama hawezi kuepuka mtungi ikiwa hakuna mwingine wa kuubeba. Baba, mama mkwe na watoto wakubwa wagawane maji, kuni na kufua kabla hajatoka wodini. Mhamasishaji wa afya ya jamii anapotembelea boma, aulizwe lolote linalotatiza. Mwenda pole hajikwai.