Elimu kwa Wakazi: Nani Amefungua Faili Yako?

Kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka 1991. Nyakati za ukame, baadhi ya Wakenya wa Garissa na maeneo jirani walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Wengine waliandikishwa na wazazi wao wakiwa bado watoto. Walipotimiza miaka 18 na kuomba kitambulisho cha taifa, alama zao za vidole zilipatikana kwenye hifadhidata ya wakimbizi, na maombi yakakwama. Bila kitambulisho, mtu hawezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti ya benki wala kujiandikisha kupiga kura.

Hali hiyo inaonyesha kwamba taarifa za mtu mmoja hukaa katika mifumo mingi: usajili, mgao wa chakula, hospitali, shule na pesa kwa simu. Kila mfumo una programu yake na maafisa wake. Ofisi inayotaka kujua nani amefungua faili ya mkazi haina budi kukusanya kumbukumbu kutoka kwa programu zote hizo, zikiwemo za mashirika ya nje.

Kazi hiyo hufanywa kwa hatua tano:

1. Kuorodhesha programu zote na wanaozimiliki, kisha kuandikiana makubaliano kabla taarifa yoyote haijavuka kutoka mfumo mmoja hadi mwingine.

2. Kuchukua mambo matano tu: nani amefungua, faili gani, amefanya nini (kusoma, kubadilisha, kunakili au kufuta), saa ngapi, na kwa kompyuta ipi. Ugonjwa wa mtu na alama zake za vidole hazichukuliwi.

3. Kumpa kila afisa jina lake la kuingilia. Nywila ikitumiwa na watu watano, hakuna anayeweza kuulizwa.

4. Kufanya jaribio. Afisa hufungua faili ya majaribio, na tukio hilo lazima lionekane. Programu isiyoleta kumbukumbu yoyote huenda imekatika njiani. Kimya chake si ushahidi wa usalama.

5. Kumteua mtu wa kuzisoma kumbukumbu mara kwa mara, na kufunga njia ya aliyeacha kazi.

Kumbukumbu hizi pekee hazimwondoi mtu kwenye orodha ya wakimbizi. Faida yake ni kuonyesha taarifa iliingizwa lini, ikabadilishwa na nani na kunakiliwa wapi. Kosa likisahihishwa katika mfumo mmoja huku nakala zimebaki kwingine, mkazi atazuiwa tena kwenye dirisha linalofuata.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kuelezwa taarifa zake zinatumiwaje, kuziona, kupinga matumizi yake, na kutaka zilizo za uongo zisahihishwe au zifutwe. Taarifa zikivuja na kuhatarisha watu, ofisi husika inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72.

Mkazi mwenye shaka anashauriwa kuandika barua kwa ofisi inayohifadhi taarifa zake na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Asiporidhika, anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria hukamilisha uchunguzi ndani ya siku 90.