Kuilinda Shule na Moto wa Kiangazi

Ndugu wasomaji, na ninyi wainjilisti mnaoongoza mafundisho, mwezi huu twataka kujifunza habari ya moto wa nyika na shule za watoto wetu. Nchi ya Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, ambayo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Simiyu, hukauka sana tangu Juni hata Oktoba. Majani huwa makavu kama karatasi, na upepo huvuma. Shule nyingi zimesimama kando ya mbuga na mashamba. Cheche moja yatosha.

Moto huo watoka wapi? Katika miezi ya ukavu radi ni chache. Moto mwingi huwashwa na mikono ya watu. Mmoja asafisha shamba, wa pili achoma mkaa, wa tatu arina asali, na mchunga ng'ombe ataka majani mabichi yaote. Tena sisi tulimao pamba tunalo jambo letu wenyewe. Baada ya mavuno twaagizwa kung'oa mashina na kuyachoma, ili wadudu wasipate makao mpaka msimu ujao. Agizo hilo ni jema, lakini kazi yake huangukia katika miezi ile ile ya hatari. Basi mkulima aliye jirani wa shule ndiye mlinzi wake wa kwanza. Asipoangalia, ndiye atakayeiteketeza.

Neno tunalotaka kila mmoja alishike ni hili: shule huokolewa mwezi wa Juni kwa jembe na fyekeo, si mwezi wa Septemba kwa ndoo. Oktoba 2020 moto uliwaka katika Mlima Kilimanjaro kwa zaidi ya juma moja, ijapokuwa mamia ya watu walipanda kuuzima. Ikiwa watu wengi hivyo walishindwa kuuzima upesi, walimu wachache na watoto watafanya nini?

KABLA YA MOTO

Moto wahitaji vitu vitatu: joto, hewa na kitu cha kuteketeza. Joto na hewa hatuwezi kuviondoa nyikani, lakini chakula chake twaweza.

1. Majani yafyekwe kuzunguka shule yote, na nje yake ulimwe mkanda wa udongo mtupu, upana wake usipungue mita 10. Wazee wa Usukuma walijua kutenga ngitili, yaani malisho yasiyoguswa mpaka kiangazi, na kijiji kizima kiliilinda kwa mapatano. Mapatano kama hayo yafanywe kwa ajili ya shule.

2. Kuni zisipangwe ukutani. Jiko la makuti au majani lisikaribie madarasa. Hata paa la bati haliko salama kama pana nafasi kati yake na ukuta, kwa maana upepo huchukua cheche mbali na kuziingiza humo. Nafasi hizo zizibwe.

3. Mapipa ya maji, mchanga, magunia ya kulowesha na majembe yawekwe mahali panapojulikana. Kama lambo liko karibu, njia ya kwendea isafishwe.

4. Orodha ya watoto, daftari za mitihani na hati za shule ziwe na nakala katika nyumba nyingine. Jengo laweza kujengwa tena, lakini maksi za miaka saba zikiungua ni vigumu kuzirudisha.

5. Anayechoma mashina ya pamba awaarifu kwanza mwalimu na mwenyekiti wa kijiji. Achome asubuhi au jioni upepo ukiwa umetulia, kwa mafungu madogo, wala asiondoke mpaka majivu yamepoa.

Shule zenye mabweni zina neno la kuongezewa. Moto wa bweni asili yake ni nyingine, lakini hufundisha habari ya milango. Machi 2001 vijana 67 walikufa katika bweni la Kyanguli, nchi ya Kenya. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa bwenini Idodi, Mkoa wa Iringa. Mlango unaomzuia mwizi usimzuie mtoto kutoka.

MOTO UNAPOKUJA

Kengele ya moto iwe na mlio wake peke yake, na watoto wazoezwe kuifuata. Waende mahali palipo wazi pasipo majani, kama uwanja wa michezo, wala si kichakani. Kila mwalimu ahesabu wake kwa orodha. Katika moshi, mtoto ainame na kufunika pua kwa kitambaa. Yowe, ambalo Wasukuma huliita mwano, lipigwe, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu 114. Watoto wasitumwe kupigana na moto.

BAADA YA MOTO

Kwanza, mtu asiingie darasani mpaka fundi ametazama kuta na mbao za paa. Mifereji inayoshusha maji ya mvua tangini iondolewe mpaka paa limeoshwa majivu.

Pili, masomo yaanze tena upesi, hata chini ya mti. Palipo na jengo la kanisa karibu, usharika ulifungue siku za juma. Mtoto akikaa nyumbani mwezi mzima hupelekwa kuchunga au kuozwa, naye hurudi kwa shida.

Tatu, watoto wasikilizwe. Wengine huogopa hata moshi wa jikoni. Wasichekwe.

Nne, tusimtafute mchawi. Twajua ya kuwa katika Usukuma akina mama wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa ajili ya macho mekundu tu, nayo macho huwa mekundu kwa moshi wa jiko la kila siku. Msiba ukiipata shule, watu wenye uchungu hutaka jina la mtu. Lakini moto wa nyika huacha njia inayoonekana: ulianza mahali fulani, ukafuata upepo, ukapata majani marefu. Wazee na waifuate njia hiyo mchana, pamoja na mwenyekiti. Aliyewasha kwa uzembe apelekwe mbele ya serikali, wala asipigwe. Na mwinjilisti akisikia jina la bibi kizee likinong'onwa, asingoje kesho. Aende nyumbani kwake, akae naye, na watu wamwone.

Tano, vilivyoungua viandikwe kimoja kimoja, na orodha ipelekwe kwa kamati ya shule na halmashauri ya wilaya. Sharika zichange daftari, kalamu na nguo za shule, kisha matofali na mikono.

MASWALI YA KUJADILIANA

Ni nani alimaye kando ya shule yetu, na amekwisha kuambiwa nini? Mkanda wetu una upana gani leo? Nakala za daftari ziko kwa nani? Ni mzee yupi katika kijiji chetu aliye peke yake, ambaye siku ya msiba atahitaji mtu wa kusimama naye?

Maswali hayo yajibiwe kabla majani hayajakauka.