Kisukari changu kimetokana na dawa ya pamba?

SWALI: Ujanani nilikuwa nikinyunyizia pamba DDT kwa bomba la mgongoni, bila glavu. Sasa nina miaka 71 na nimepimwa nikakutwa na kisukari. Je, ni ile dawa?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Huenda imechangia, ila hakuna kipimo kitakachothibitisha hilo kwako peke yako. DDT hubadilika mwilini kuwa DDE, nayo hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka mingi. Huko Uppsala, Sweden, watafiti waliwapima damu wazee wa miaka 70 na kuwafuatilia kwa miaka mitano: waliokuwa na kemikali nyingi za jamii hii, hasa PCB za viwandani, walipata kisukari zaidi. Huo ni uhusiano, si ushahidi kamili. Umri, unene na urithi bado vina uzito mkubwa.

Tafadhali usinunue dawa za “kusafisha sumu”. Haziiondoi DDE, na nyingine huumiza figo, ambazo kisukari tayari kinazitishia. Endelea na vidonge ulivyoandikiwa, tembea kila siku, mweleze daktari kazi uliyofanya. Na kama nyumbani bado kuna dumu la dawa ya shambani linalowekewa maji au mafuta ya kula, liacheni leo, hata likioshwa kwa sabuni.