Usimulizi wa Lugha Mbili katika Tamasha la Okestra na Baleti: Mfano wa "Petya na Mbwa-mwitu" wa Prokofiev

Ikisiri

Makala haya yanachunguza usimulizi wa lugha mbili katika matamasha ya okestra yanayoandaliwa kwa ajili ya familia na kuambatana na baleti. Mfano unaotumika ni "Petya na Mbwa-mwitu", utungo wa Sergei Prokofiev wa mwaka 1936, hasa unaposimuliwa kwa Kiingereza na Kihispania nchini Marekani. Inadaiwa kwamba ugawaji wa maneno baina ya lugha mbili ni suala la tafsiri na la isimujamii kabla ya kuwa suala la ratiba ya onyesho. Mbinu tatu za ugawaji zinapimwa, na mwishoni yanaelezwa mambo ambayo mfasiri wa Kiswahili anaweza kujifunza.

1.0 Utangulizi

Katika tamasha la familia wazazi na watoto huketi ukumbini pamoja, na muziki wa okestra, ambao kwa kawaida hupigwa bila maneno, huongozwa na msimulizi anayeeleza kisa. Mara nyingine wachezaji wa baleti huingia jukwaani na kukiigiza kisa hicho kwa miili yao. Nchini Marekani, ambako watu zaidi ya milioni 40 huzungumza Kihispania nyumbani, zipo okestra ambazo husimulia matamasha ya namna hii kwa Kiingereza na Kihispania. Nia yake ni njema: mtoto asiachwe nje ya kisa kwa sababu ya lugha, na bibi aliyemleta asikae kama mgeni.

Hata hivyo, nia njema haitoshi kujibu swali la msingi: lugha ipi iseme nini, na wakati gani? Uamuzi huo ukifanywa bila kufikiriwa, lugha moja hugeuka kuwa lugha ya kisa na nyingine ikawa lugha ya maelezo. Mtoto hulitambua jambo hilo upesi, hata kama hana istilahi ya kulitaja.

2.0 Utungo na Usuli Wake

Prokofiev alitunga "Petya na Mbwa-mwitu" kwa ombi la Natalia Sats, aliyekuwa akiongoza jumba la maonyesho la watoto mjini Moscow. Utungo ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Mei 1936. Shairi lililokuwa limeandaliwa kuwa maneno ya kisa halikumridhisha mtunzi, naye akayaandika maneno mwenyewe kwa nathari. Kwa hiyo maneno na muziki vina mtunzi mmoja, na ndiyo maana vimefungamana sana.

Kila mhusika ana ala yake na lahani yake. Ndege ni filimbi. Bata ni oboi, ambayo ni jamaa ya zumari. Paka ni klarineti. Babu ni fagoti yenye sauti nzito. Mbwa-mwitu ni honi tatu. Na Petya ni vyombo vya nyuzi. Milio ya bunduki za wawindaji hutolewa na ngoma. Prokofiev alipendekeza watoto waonyeshwe ala na wasikilizishwe lahani hizo kabla ya onyesho kuanza. Hadhira, basi, hufundishwa msamiati wa sauti kabla haijasimuliwa lolote.

Kisa chenyewe ni chepesi. Petya anafungua lango na kwenda mbugani. Bata anatumia nafasi hiyo kutoka na kuogelea bwawani, na hapo anabishana na ndege. Paka anawanyemelea. Babu anakasirika, anamrudisha Petya nyumbani na kufunga lango. Mbwa-mwitu anatokea mwituni na kummeza bata. Petya anachukua kamba, anapanda mti kutoka ukutani, na kwa msaada wa ndege anamnasa mbwa-mwitu mkiani. Wawindaji wanawasili baada ya kazi kwisha, na wote wanaandamana kumpeleka mateka kwenye bustani ya wanyama.

Utungo huu haukutungwa kuwa baleti. Hata hivyo uliingia upesi katika jukwaa hilo: Adolph Bolm aliutungia ngoma mjini New York mwaka 1940, na Matthew Hart akafanya hivyo kwa ajili ya shule ya Royal Ballet ya London mwaka 1995. Wasimulizi nao wamekuwa watu wa kila namna, kuanzia Eleanor Roosevelt (1950) hadi mwanamuziki David Bowie (1978). Tajiriba hiyo inaonyesha kwamba nafasi ya msimulizi ni wazi, na kila anayeijaza huibadilisha.

3.0 Mikondo Minne ya Maana

Katharina Reiss (1971) alizitenga matini ambazo maneno yake hayajitoshelezi, bali hutegemea sauti au picha, na akasisitiza kwamba tafsiri yake haiwezi kupimwa kwa maneno peke yake. Onyesho linalojadiliwa hapa ni la aina hiyo. Lina mikondo minne ya maana: muziki, mwili wa mchezaji, lugha ya kwanza na lugha ya pili. Jambo la kwanza linalompasa mfasiri ni kutambua mkondo upi unaweza kubeba nini.

Muziki na ngoma hubeba vizuri ujio, mwendo, hofu, ukimbizi na unasaji. Honi tatu zinapolia na mchezaji wa mbwa-mwitu akajitokeza, hakuna mtoto anayehitaji kuambiwa kwamba hatari imefika. Paka anayenyemelea kwa nyayo laini za klarineti huonekana na kusikika. Katika sehemu kama hizo neno moja la lugha yoyote latosha, na pengine hata hilo halihitajiki.

Yapo, hata hivyo, mambo manne ambayo muziki na ngoma haviwezi kuyasema. La kwanza ni hoja. Ndege anamwuliza bata ni ndege gani asiyeweza kuruka, na bata naye anamwuliza ni ndege gani asiyeweza kuogelea. Filimbi na oboi huonyesha kwamba pana ugomvi. Haziwezi kueleza unahusu nini. La pili ni katazo: babu anamwonya Petya kwamba mbwa-mwitu angeweza kutokea. La tatu ni dhana isiyotukia. Katika maandamano ya mwisho babu anatikisa kichwa na kuuliza ingekuwaje kama Petya asingemnasa mnyama yule. Mwili wa mchezaji hauna kiambishi -nge-. La nne ni hatima ya bata. Mwishoni oboi inasikika kwa mbali, na msimulizi anaeleza kwamba bata bado analia tumboni mwa mbwa-mwitu, kwa kuwa alimezwa mzima. Asiyeelewa maneno hayo atasikia oboi na kudhani ni ukumbusho tu wa marehemu.

Kutokana na upambanuzi huu inapatikana kanuni rahisi: hoja, katazo, dhana na hatima hazina budi kusemwa kwa lugha zote mbili, mengine yanaweza kugawanywa.

4.0 Mbinu Tatu za Ugawaji

4.1 Urudiaji

Mbinu iliyo nyepesi kuandaa ni kusema kila sentensi mara mbili, kwanza Kiingereza kisha Kihispania. Faida yake ni kwamba hakuna anayepoteza neno. Hasara zake ni mbili. Kwanza, maneno ya utungo huu kwa sehemu kubwa hutamkwa katika mapengo baina ya vipande vya muziki. Pengo likirefushwa maradufu, kiongozi wa okestra anangoja na mchezaji anabaki amesimama katika pozi lake huku misuli ikipoa. Pili, lugha inayokuja nyuma daima hugeuka kuwa mwangwi. Wanaoielewa ya kwanza wamekwisha kucheka wakati wa pili wanaambiwa kwa nini.

Ni vema hapa kukumbuka kitabu cha Edward Steere cha ngano za Unguja, kilichochapishwa London mwaka 1870. Humo Kiswahili kiko ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoukabili. Katika karatasi lugha mbili hukaa bega kwa bega na msomaji huchagua. Ukumbini hakuna kurasa zinazokabiliana. Lugha hupanga foleni katika wakati, na mwenye nafasi ya nyuma ya foleni anajua yuko nyuma.

4.2 Upokezanaji

Katika mbinu ya pili lugha hupokezana: moja inasimulia ujio wa bata, nyingine inasimulia ujio wa paka, na hakuna inayotafsiri nyingine. Muziki na ngoma ndivyo vinavyoziba pengo la asiyeelewa. Mbinu hii inafaa sana katika sehemu za vitendo. Inashindwa pale ambapo upokezanaji unaiangukia hoja au katazo, kwa kuwa nusu ya hadhira inakosa jambo lisilopatikana kwingineko. Ikiongozwa na kanuni iliyotajwa katika sehemu ya 3.0, kasoro hiyo huondoka.

Hata jina la shujaa ni tatizo dogo lenye uzito. Msimulizi akisema Peter katika lugha moja na Pedro katika nyingine, mtoto mdogo anaweza kudhani pana wavulana wawili. Inafaa jina moja lichaguliwe na kudumishwa.

4.3 Ugawaji kwa Wahusika

Mbinu ya tatu ndiyo inayovutia zaidi na ndiyo yenye hatari kubwa. Kila mhusika hupewa lugha yake kama alivyopewa ala yake. Kwa haraka inaelekea kwamba babu azungumze Kihispania na Petya ajibu kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo ilivyo katika familia nyingi za wahamiaji. Lakini hebu itazamwe maana inayozaliwa. Babu ndiye anayeogopa, anayekataza na anayefunga lango. Petya ndiye anayeasi, naye ndiye anayeshinda. Lugha zikigawanywa hivyo, kisa cha mtoto na mbwa-mwitu kinakuwa kisa cha lugha ya wazee inayoshindwa na lugha ya vijana.

Hatari hiyo si ya kubuni, kwa sababu mgongano wa vizazi umo tayari katika matini chanzi. Katika maneno ya Kirusi Petya anajibu kwamba mapayonia, yaani watoto wa chama cha watoto cha Kisovieti, hawaogopi mbwa-mwitu. Tafsiri inayotumika sana kwa Kiingereza imeliondoa neno hilo na kutaja wavulana tu. Itikadi ya mwaka 1936 ilifutwa, ila umbo lake likabaki: mzee anarudi nyuma, kijana anasonga mbele. Ugawaji wa lugha kwa wahusika hulijaza umbo hilo tupu kwa itikadi mpya ambayo hakuna aliyekusudia kuihubiri. Katika jamii ambamo wajukuu wengi wa wahamiaji hupoteza lugha ya babu zao, mtoto anayetazama anapewa sababu moja zaidi ya kuiacha.

Kumpa mbwa-mwitu lugha moja peke yake ni kubaya zaidi, na hakuhitaji maelezo. Ikiwa mbinu hii itatumika, wahusika wote wenye kusema hawana budi kuzitumia lugha zote mbili, na Petya hasa: kijana anayemwelewa babu yake kwa lugha moja na kumwita ndege kwa nyingine. Ubadilishaji msimbo wa namna hiyo unakuwa nguvu ya shujaa.

5.0 Funzo kwa Mfasiri wa Kiswahili

Mfasiri atakayeusimulia utungo huu kwa Kiswahili sambamba na lugha nyingine atakuta mengine mepesi na mengine magumu. Jepesi ni jinsia. Kirusi humfanya bata kuwa wa kike kisarufi, ilhali neno pato la Kihispania ni la kiume. Mchezaji wa baleti anayemwigiza bata huweza kupingana na sarufi ya msimulizi. Kiswahili, kwa ngeli yake ya A-WA, hakimlazimishi mtu kuchagua.

Gumu ni mbwa-mwitu mwenyewe. Neno hili limezoeleka katika tafsiri ya Biblia, lakini katika mbuga za Afrika Mashariki linamtaja mnyama mwingine, awindaye kwa kundi, ilhali wa Prokofiev yuko peke yake. Huenda mfasiri akashawishika kutumia fisi, aliye mwenyeji katika ngano zetu. Ila fisi wa ngano ni mlafi anayepumbazwa na kuchekwa, na honi tatu hazichekeshi. Hapa muziki ndio unaoamua: istilahi inayopingana na lahani haifai, hata ikiwa na uenyeji.

Lipo pia jambo ambalo fanani wa Kiswahili amelijua tangu zamani. Katika ngano, maneno na wimbo hugawana kazi: fanani husimulia, na wimbo unapofika hadhira huupokea, hata pale ambapo maneno yake ni ya lahaja ngeni au ya kale. Msikilizaji haudai wimbo huo utafsiriwe papo hapo, kwani ameuelewa kwa mahali ulipowekwa katika kisa. Fanani kwa hiyo huamua kwa makusudi kipi kielezwe na kipi kiachwe kisikike tu, na uamuzi wa aina hiyo ndio unaohitajika katika tamasha la lugha mbili.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba lugha mbili jukwaani hazigawani wakati tu, zinagawana hadhi. Urudiaji huhifadhi maana na kupunguza heshima ya lugha ya pili. Upokezanaji hulinda heshima na kuhatarisha maana, isipokuwa ukiongozwa na upambanuzi wa kile ambacho muziki na ngoma vinaweza kubeba. Ugawaji kwa wahusika huzipa lugha sura za watu, na sura hizo hubaki akilini mwa mtoto. Inapendekezwa kwamba mfasiri aitwe tangu siku za kwanza za matayarisho, akae pamoja na kiongozi wa okestra na mtunzi wa ngoma, wala asikabidhiwe maneno baada ya mengine yote kuamuliwa. Oboi inapolia mwishoni, kila mtoto ukumbini, wa lugha hii na wa ile, astahili kujua kwamba bata yu hai.