SOMO LA VIKUNDI: Ukurasa wa Wiki Unapoonyesha Habari za Zamani

Ndugu wanakikundi, somo letu la leo linahusu jambo dogo ambalo karibu livunje kikundi. Tunaomba mlisome pamoja mkutanoni, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize, kisha mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.

Kisa chenyewe

Kikundi kimoja tunachokitembelea kilianza kuweka hesabu zake kwenye wiki ya jamii. Kila mwanachama mwenye simu angeweza kufungua ukurasa na kuona michango ya mbuzi imefika wapi. Alhamisi baada ya mkutano, katibu aliandika jumla mpya: shilingi 23,650. Jumamosi kelele zikaanza. Simu ya mzee mmoja ilionyesha 18,400. Simu ya mama mwingine ilionyesha 23,650. "Mbona kwangu ni elfu kumi na nane?" mzee akauliza. "Hizo zingine ziko wapi?" Wengine wakaanza kunong'ona ati mwekahazina na katibu wanabadilisha hesabu usiku. Mwekahazina alilia mbele ya watu.

Tulipofika tuliomba kwanza daftari la risiti. Tulijumlisha pamoja, na jumla ikawa 23,650. Hakuna senti iliyopotea. Simu ya mzee ilikuwa imebeba ukurasa wa Jumatano tu. Basi tukaona afadhali vikundi vyote vijue jambo hili linatokana na nini na linatengenezwa namna gani.

Wiki ni nini?

Hii si ile wiki ya siku saba. Ni tovuti ambayo wasomaji wenyewe wanaruhusiwa kuandika na kusahihisha. Ya kwanza ilitengenezwa na Mmarekani Ward Cunningham mwaka 1995. Jina alilitoa kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu, Hawaii, lililoitwa Wiki Wiki, maana yake katika lugha ya huko ni haraka haraka. Wikipedia ilianza mwaka 2001, na ile ya Kiswahili mwaka 2003. Wiki nyingi za jamii hutumia programu ile ile ya Wikipedia, inayoitwa MediaWiki. Mafundisho ya hapa chini yanahusu programu hiyo.

Kwa nini habari za zamani hubaki?

Fikirini ubao wa matangazo sokoni. Mtu anakuja, ananakili tangazo kwenye karatasi na kwenda nalo nyumbani. Kesho yake tangazo la ubaoni linabadilishwa. Je, karatasi ya nyumbani itabadilika? Hapana. Mwenye karatasi hasemi uongo, na mwenye ubao pia hasemi uongo. Karatasi ndiyo imepitwa na wakati.

Kompyuta na simu hufanya vivyo hivyo. Huweka nakala za kurasa ili zifunguke upesi na zisimalize bando. Nakala hizi wataalamu huziita kashe. Zinaweza kukaa mahali patatu:

(a) Ndani ya simu au kompyuta yako, kwenye kivinjari, yaani ile brauza unayofungulia intaneti.

(b) Njiani. Wiki nyingine zina kompyuta ya mbele inayowagawia wageni nakala zilizo tayari. Tena kuna brauza za kupunguza gharama, kwa mfano Opera Mini, ambazo hupitisha kurasa kwenye kompyuta za kampuni yao kwanza.

(c) Kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya wiki yenyewe. Nayo huweka ukurasa uliokwisha kupangwa ili isiupange upya kila mtu anapoufungua.

Kutafuta kosa ni kuuliza: nakala ya zamani iko wapi kati ya mahali hapa patatu? Tuanze na lililo karibu nasi.

Hatua za kufuata

1. Angalieni historia kabla ya kumlaumu mtu. Kila ukurasa wa wiki una sehemu ya historia. Humo mtaona kila badiliko, nani aliliandika, siku na saa. Ikiwa badiliko halimo, basi shida si nakala ya zamani. Huenda mwandishi alibonyeza kitufe cha kuhakiki akasahau kuhifadhi, au mtandao ulikatika. Ikiwa limo, lakini mtu mwingine amelirudisha nyuma, hilo pia mtaliona humo humo. Kumbukeni pia kuwa wiki nyingine hazionyeshi badiliko mpaka msimamizi alikubali.

2. Linganisheni tarehe iliyo chini ya ukurasa. Kwa kawaida mwisho wa ukurasa huandikwa lini ulibadilishwa mara ya mwisho. Wekeni simu mbili kando kando. Ile yenye tarehe ya nyuma ndiyo iliyobeba nakala ya zamani.

3. Pakieni ukurasa upya. Kwenye simu, vuta ukurasa kuelekea chini au bonyeza alama ya mshale wa mviringo. Kwenye kompyuta ya Windows, shika Ctrl kisha bonyeza F5. Hapo brauza inaacha nakala yake na kwenda kuomba ukurasa mpya. Hakikisheni kuna bando, maana simu isiyo na mtandao haina mahali pa kupata mapya.

4. Jaribuni dirisha la faragha, au simu nyingine, au brauza nyingine. Dirisha la faragha halitumii nakala za zamani za brauza. Likionyesha mapya, kosa liko ndani ya simu ile. Ingieni kwenye mipangilio ya brauza, mfute picha na faili zilizohifadhiwa. Angalieni sana msifute nywila na vidakuzi, la sivyo mtalazimika kuingia upya kila mahali, na wengine wetu nywila tumeshazisahau!

5. Ingieni kwa jina lenu la mtumiaji. Mara nyingi zile nakala zilizo tayari hupewa wageni tu, na aliyeingia kwa jina hupata ukurasa kutoka seva yenyewe. Kama aliyeingia anaona mapya na mgeni anaona ya zamani, kosa liko njiani.

6. Iambieni seva itupe nakala yake. Mwisho wa anwani ya ukurasa, kule juu, ongezeni maneno haya bila nafasi: ?action=purge. Kama anwani tayari ina alama ya kuuliza, andikeni &action=purge. Mkiulizwa kuthibitisha, kubalini. Seva itaupanga ukurasa upya. Kazi hii haifuti maandishi wala historia, kwa hiyo msiogope.

7. Angalieni kama habari inatoka ukurasa mwingine. Hapa ndipo tulipokwama siku ile. Simu ya mzee tuliipakia upya, na ukurasa wa hesabu ukawa sawa. Lakini ukurasa wa mwanzo wa kikundi bado ulisema 18,400, kwenye simu zote! Sababu ni kwamba jumla ile haikuandikwa pale. Ilivutwa kutoka kwenye kigezo, yaani ukurasa mdogo unaoandikwa mara moja na kutumiwa na kurasa nyingi. Kigezo kikibadilika, kurasa zinazokitumia hupangwa foleni na kusahihishwa moja baada ya nyingine. Kwa mipangilio ya kawaida ya MediaWiki, foleni hiyo husogea kidogo kidogo kila watu wanapofungua kurasa. Wiki isiyo na wageni wengi, foleni yake huenda pole pole kama punda mwenye mzigo. Tulitumia hatua ya 6 kwenye ukurasa wa mwanzo, na jumla ikabadilika papo hapo.

Ikiwa bado, fungueni ukurasa wa kuhariri, msiguse neno lolote, kisha mhifadhi. Jambo hili haliachi alama kwenye historia, lakini huilazimisha seva kuupanga ukurasa upya pamoja na orodha za jamii ambamo ukurasa huo umewekwa.

8. Picha nazo zina desturi yake. Mkipakia picha mpya kwa jina lile lile la zamani, ile ndogo iliyo ukurasani inaweza kubaki ya zamani. Fanyeni hatua ya 6 kwenye ukurasa wa picha yenyewe, kisha hatua ya 3.

9. Mkishindwa, mwiteni msimamizi wa wiki. Msimwambie tu "wiki imeharibika." Mwambieni anwani ya ukurasa, saa mliyoangalia, mlichoona na mlichotarajia, simu na brauza mliyotumia, kama mlikuwa mmeingia kwa jina, na hatua mlizokwisha jaribu. Fundi aliyeelezwa vizuri hapotezi siku nzima.

Mazoea ya kujikinga

Katibu aandike juu ya ukurasa wa hesabu: "Hesabu hii ni ya tarehe fulani." Hapo hata mwenye nakala ya zamani atajua ni ya zamani. Picha ya ukurasa iliyopigwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp isichukuliwe kuwa ushahidi, kwani haibadiliki kamwe. Tarehe ya mkutano au ya chanjo ya mifugo ikibadilishwa, msitegemee wiki peke yake. Pigianeni simu. Na daftari la risiti liendelee kuwekwa kama kawaida. Wiki ni dirisha la kuchungulia hesabu, lakini hesabu zenyewe ziko daftarini.

Katika kikundi kile, yule mzee alisimama mwenyewe akamwomba mwekahazina msamaha mbele ya wote. Tulifurahi, lakini tulijua pia kwamba machozi yale yangeweza kuepukwa kwa kungoja dakika kumi na kuangalia historia. Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, katika kikundi chetu mtu amewahi kushukiwa kwa sababu habari zilitofautiana? Tulifanya nini?
2. Wekeni simu tatu mezani, mfungue ukurasa mmoja. Tarehe zilizo chini zinafanana?
3. Nani kati yetu atajifunza hatua hizi vizuri ili awafundishe wengine? Mchagueni leo, na kijana mmoja amsaidie.
4. Wanachama wasio na simu watajuaje hesabu ni sahihi?