Nina Sukari, na Majirani Wanajua: Mafunzo Niliyopata Lizaboni

Ukishajulikana mtaani kwetu Lizaboni, hapa Songea, kwamba una sukari, unageuka mshauri bila kuajiriwa. Mtu anakusimamisha gengeni, anashusha sauti, anakueleza habari za mama yake anayeamka kukojoa usiku kucha. Mwingine anabisha hodi jioni na karatasi ya maabara aliyoikunja mpaka imekuwa ndogo kama kiberiti. Mimi nina kisukari cha aina ya pili, natumia vidonge, na udaktari sikusomea. Haya ni majibu ninayowapa hao wanaoniuliza. Dozi na kubadilisha dawa sigusi. Hayo ni ya kliniki.

1. Waambie watu, tena mapema

Wengi wanaficha. Binti anaficha asikose mchumba, baba anaficha asionekane ameanza kuchoka. Mimi nilisema kwa wote: jumuiyani, gengeni, hata kijana wa bodaboda anayenipeleka mjini anajua soda yangu iko mfuko gani wa mkoba.

Sababu ni sukari ya kushuka. Watu wanaogopa sukari ya kupanda, ambayo mara nyingi hukuharibu kwa miaka. Ya kushuka inaweza kukumaliza leo leo. Inaanza na njaa ya ghafla, mikono kutetemeka, jasho jembamba hata kama kuna baridi, moyo kwenda mbio. Ikiendelea, maneno yanapishana na miguu inayumba. Sasa mtu wa namna hiyo akionekana karibu na kilabu cha pombe, nani atafikiria kisukari? Watasema kalewa, mwacheni alale barazani pombe imtoke. Na huenda asiamke.

Walio hatarini hasa ni wanaojidunga insulini na wanaomeza vidonge kama glibenklamidi. Anayetumia metformini peke yake ni nadra hali hii kumpata. Kwetu Songea hatari inakuja na msimu wa kulima. Mvua zikishaanza, kuelekea Desemba, mtu anaamka alfajiri, anameza dawa, anabeba jembe, anasema chakula kitaletwa. Chakula kinafika saa nane. Jembe limetumia sukari, dawa nayo inaishusha, tumboni hamna kitu.

Kipimo kikisoma chini ya 4, au ukiona dalili na huna mashine, chukua vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Ile isiyo na sukari haikusaidii chochote. Andazi na chokoleti si vya saa hiyo, kwa sababu mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Subiri dakika 15, pima tena, rudia ikibidi, halafu ule chakula chenyewe. Aliyekwisha kupoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali.

2. Ugonjwa wa matajiri? Tuliacha kusema hivyo zamani

Miaka ya 1980 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walipima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika mmoja kwa kila mia. Matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1989. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ukakuta kama 9 katika kila 100 ya wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Watu waliopimwa hawakuwa wa aina moja, na njia za kupima zilitofautiana, lakini pengo hilo huwezi kulieleza kwa vipimo peke yake. Tunatembea kidogo, tunakaanga sana, na soda imefika kila kijiji.

3. Anayepakua ndiye anayetibu

Swali la kwanza la kila mtu: niache ugali? Hapa Ruvuma, mkoa unaolisha mikoa mingine kwa mahindi, kumwambia mtu aache ugali ni kumfukuza nyumbani kwake. Usiache. Punguza, na ujue umepunguza kiasi gani.

Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu wengi wetu tunakula sahani moja na wenzetu. Kwenye sahani ya pamoja hakuna anayejua amekula kiasi gani. Unamega, unachovya, unaongea, mlima umekwisha. Nilichofanya ni kupakuliwa changu pembeni. Mwanzoni shemeji zangu waliona najitenga, mpaka nikawaeleza. Ugali wangu sasa ni donge la ukubwa wa ngumi yangu, unachukua robo ya sahani. Robo nyingine maharage, dagaa wa Nyasa au yai. Nusu nzima ni mboga za majani: matembele, mnavu, majani ya maboga, chochote kilichopo, bila kuzamishwa kwenye mafuta. Naanza na mboga na maharage, ugali unafuata. Tumbo likishatulia kidogo, mkono hauna pupa.

Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ina pumba na kiini, hivyo ina nyuzinyuzi zaidi. Lakini dona si dawa. Nimewaona watu wanakula mlima wa dona kwa dhamiri safi kabisa, halafu wanashangaa mashine inasoma 14. Kadhalika muhogo, viazi vitamu, magimbi na ndizi za kupika: vyote ni wanga, vinahesabiwa kwenye ile robo moja, haviongezwi juu yake.

Halafu kuna togwa. Huku kwetu togwa anapewa mtoto, mgonjwa, mgeni na mlima shamba, na kila anayekukaribisha anaapa kwamba hakutia sukari. Anasema kweli. Utamu wa togwa unatoka kwenye kimea: nafaka iliyoota ina vimeng'enya vinavyovunja wanga wa uji na kuufanya sukari humo humo chunguni. Uji uliokuwa mzito unalegea na kuwa mtamu mbele ya macho yako. Kwa damu yako, kikombe kikubwa cha togwa hakina tofauti kubwa na kikombe cha chai iliyotiwa sukari nyingi. Mimi nanywa kidogo kwenye sherehe, na siku hiyo ugali nauacha.

Msibani ni pagumu zaidi. Wali unapakuliwa na watu wasiokujua, kwa saa wanazotaka wao, na kukataa kunaonekana kiburi. Dawa yake ni kutafuta mmoja wa wanaopika, umwambie kabla. Ukishamwambia mama mmoja jikoni, wamejua wote.

4. Namba bila saa haikuambii kitu

"Sukari yangu ni 9." Umepima lini? Hajui. Basi hatujui kama ni habari mbaya au nzuri. Tisa saa mbili baada ya chakula ni afadhali. Tisa asubuhi kabla ya kula chochote ni jambo la kupeleka kliniki. Kwa wengi wetu lengo ni kati ya 4 na 7 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baadaye, ingawa wazee na wajawazito wanapangiwa malengo yao. Asiyejulikana kuwa na kisukari akipimwa asubuhi hajala akakutwa na 7 au zaidi, na kipimo kikarudiwa siku nyingine kikasema vilevile, huo ndio ugonjwa.

Stripu ni ghali, kwa hiyo usizitumie ovyo. Badala ya kupima kila asubuhi na kuandika namba zilezile, chagua chakula kimoja unachokitilia shaka. Pima kabla, pima saa mbili baada. Nawa mikono kwanza kwa sabuni na ukauke, maana kidole kilichotoka kumenya embe kitakupa namba ya embe.

5. Miguu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mtaani nimeona waliokatwa miguu wengi kuliko waliopofuka.

Sukari iliyokaa juu miaka mingi inaua mishipa ya fahamu, ikianzia vidoleni mwa miguu. Kwanza unasikia ganzi au moto, kisha husikii kitu, na hiyo ya kutosikia ndiyo mbaya. Songea ina baridi Juni na Julai, ile ya kuvaa koti mpaka saa nne, na jioni sote tunazunguka jiko la mkaa. Mwenye ganzi anasogeza nyayo karibu na moto, anaona zimepata joto zuri, asubuhi anakuta malengelenge. Soksi nene zinatosha. Chupa ya maji ya moto kitandani nayo ni hatari ileile.

Miezi hiyohiyo mahindi yameshavunwa, magunia yamo ndani ya nyumba, na panya wameyafuata. Mtu akiniona natoa magunia chumbani anadhani naogopa uchafu. Ukweli ni kwamba panya anatafuna mguu wa mwenye kisukari aliyelala na mwenyewe haamki. Hayo si mazungumzo ya vijiweni: Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ambaye ametumia miaka mingi kwenye vidonda vya miguu ya wagonjwa wa kisukari, aliandika na wenzake mwaka 2005 kuhusu wagonjwa waliofika na vidonda vya namna hiyo. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro kinazuia mbu, na panya pia anapata shida.

Kila usiku nakaa kitandani, mjukuu wangu wa darasa la tatu anamulika nyayo zangu kwa tochi ya simu. Macho yake ni makali kuliko yangu. "Bibi, hapa kuna kitu cheusi," akaniambia mara moja, na kilikuwa mwiba uliokwisha kujizika kisiginoni. Nilikuwa nimetembea nao sijui tangu lini. Anaangalia katikati ya vidole kama kuna unyevu au mpasuko. Mimi naosha kwa maji ya uvuguvugu niliyoyapima kwa kiwiko, nakausha, napaka mafuta juu na chini lakini si katikati ya vidole. Kucha nakata moja kwa moja bila kuchimba pembeni. Viatu nakung'uta kabla ya kuvaa, na pekupeku sitembei hata kwenda bafuni. Kidonda chochote, hata kisichouma, hasa kisichouma, ni safari ya hospitali siku hiyo au kesho yake.

6. Kila mwaka una kikombe chake

Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa njiani kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kikombe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500, na kisukari kilikuwa kwenye orodha ya magonjwa yaliyosemwa yanapona. Walikuwapo walioacha dawa za hospitali baada ya kunywa. Tangu hapo nimeletewa mlonge, mdalasini, maji ya bamia na unga ambao mwenye kuuza hataki kutaja umetoka kwenye mti gani.

Sigombani na wanaoleta, wengi wananipenda. Nawauliza tu: naweza kunywa hiki huku naendelea na vidonge vyangu, na kipimo changu kikasema? Anayejibu kwamba lazima uache vidonge kwanza, hapo mazungumzo yameisha.

7. Sindano si hukumu ya kifo

"Wakikuanzishia sindano ujue umekwisha." Neno hilo nimelisikia mara nyingi, na limeua watu. Kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachokuja zaidi kwa watoto na vijana, hakina kidonge. Mwili umeacha kutengeneza insulini. Mpaka Januari 1922, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alipodungwa huko Toronto, watoto hao walikuwa wanafariki tu, huku wakinyimwa chakula ili wasogeze siku. Thompson aliishi miaka 13 zaidi. Kwa hiyo mtoto anayekonda ghafla, anayekunywa maji bila kushiba, aliyeanza tena kukojoa kitandani, na sisimizi wanajaa pale alipokojoa, asizungushwe kwa waganga wala asiishie kupimwa malaria. Apimwe sukari leo. Akianza kutapika na kuhema kwa nguvu, saa zinahesabika.

Insulini ambayo hujaifungua inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na iliyoganda kwenye barafu hutupwa. Unayoitumia hukaa nje ya friji kama wiki nne ikiwa hakuna joto kali. Asiye na friji huweka chupa ndani ya chungu kidogo, chungu hicho kikae ndani ya kikubwa chenye mchanga uliolowa, kivulini.

8. Mawili ya haraka

Macho yakiwa na ukungu wakati sukari iko juu, usikimbilie kununua miwani. Ikishatulia miwani hiyo haitakufaa. Ila kapimwe ndani ya jicho kila mwaka hata kama unaona vizuri.

Na baba zangu, nguvu zikipungua mwambieni daktari. Kisukari kinafanya hivyo, na vile vidonge vya nguvu vinavyouzwa stendi vinaweza kupambana na dawa zenu za moyo.

9. Siku ya kliniki, beba chakula

Kuna wenzetu wanaojinyima siku mbili kabla ya kliniki ili daktari afurahi. Daktari akiwa na kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, anawaona hadi sikukuu waliyokula. Mimi naenda na daftari langu, namba mbaya zikiwemo, kwa sababu hizo ndizo zinazobadilisha dozi.

Ukiambiwa uje hujala, nenda hujala, lakini dawa ya kushusha sukari usiimeze nyumbani kisha ukakae foleni hadi saa sita. Muulize nesi katika ziara iliyotangulia. Kwa kawaida unabeba dawa mkobani pamoja na kiazi kilichochemshwa na yai, unatolewa damu, ndipo unakula na kumeza. Mimi nabeba viazi viwili, maana kwenye benchi hakukosi mgeni ambaye ndiyo siku yake ya kwanza na hakuna aliyemwambia.